Albert Howard: Bwana Shamba Aliyefundishwa na Wadudu

Sisi wa kidato cha tatu tumo katika mlango wa wadudu na magonjwa ya mimea katika somo la Kilimo. Tumekariri majina mpaka ulimi umeota sugu: vidukari, viwavi, minyoo fundo, bakajani, mnyauko, kutu. Kila jina lina mstari wake wa dawa ya kunyunyizia. Katika jarida letu la mwaka huu nimeona nisimulie maisha ya mtu aliyeitazama orodha ya aina hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akiwa yeye mwenyewe ndiye mtaalamu aliyelipwa kuiandika, akaishia kuishuku. Huyo ni Sir Albert Howard. Wengi humwita baba wa kilimo hai, yaani kilimo kisichotegemea kemikali za dukani.

Howard alizaliwa tarehe 8 Desemba 1873 katika Bishop's Castle, mji mdogo wa wilaya ya Shropshire huko Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Wazazi wake walikuwa wakulima. Kwa hivyo kabla hajaiona darubini alikuwa ameona ng'ombe, samadi na matope, na jambo hilo lilimfuata maisha yake yote. Alikuwa na kichwa chepesi shuleni. Alisoma sayansi London, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge katika chuo cha St John's, akapasi vizuri sana.

Mwaka wa 1899, akiwa na umri wa miaka 25, alipanda meli akaenda Barbados, kisiwa cha miwa katika bahari ya Karibi. Cheo chake kilikuwa mtaalamu wa kuvu. Miwa ya visiwa vile ilikuwa ikishambuliwa na magonjwa ya kuvu, na kazi ya Howard ilikuwa kukaa maabarani, kuikagua kuvu, kuipa jina na kuandika ripoti. Kijana yeyote wa siku zile angeshukuru kupata kazi hiyo. Lakini Howard alianza kukereka rohoni. Alitakiwa amshauri mkulima kuhusu miwa, ilhali yeye mwenyewe hakuwa na shina hata moja la muwa alilolipanda kwa mkono wake. Hakuwa na kipande cha shamba ambamo angejaribu ushauri wake kabla ya kuutoa. Akikosea, mshahara wake unakuja vile vile mwisho wa mwezi, na anayelala njaa ni mkulima. Alikuwa kama mganga anayegawa dawa ambayo hajawahi kuionja.

Hebu tafakari hapo kidogo. Watu wangapi hutushauri kuhusu nyanya na sukuma wiki ambao wao hawana hata mche mmoja? Mwenye duka la dawa anajua bei ya chupa. Shamba lako hajaliona.

Mwaka wa 1903 Howard alirudi kwao, akawa mtaalamu wa mimea katika chuo cha kilimo cha Wye, wilaya ya Kent. Huko alipewa kazi ya hopsi, mmea unaotambaa juu ya miti na nyaya, ambao maua yake hutiwa kwenye bia kuipa uchungu. Hopsi ina mimea ya kike na mimea ya kiume, kama mipapai yetu. Wakulima, kama wanavyofanya watu wengi kwa mpapai dume, waliona mmea wa kiume ni mzigo tu, wakaung'oa. Howard aliona kwamba hilo ni kwenda kinyume na maumbile. Akarudisha mimea ya kiume shambani, na hopsi ya kike iliyopata chavua ikakua upesi, ikastahimili vidukari na ukungu kuliko ile iliyonyimwa. Hakunyunyizia kitu. Alirudisha tu kilichokuwa kimeondolewa. Nadhani hapa ndipo mbegu ya maisha yake ilipooteshwa, ingawa ilichukua miaka kuchipua.

Mwaka wa 1905 alipata kazi kubwa Bara Hindi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha kituo cha utafiti wa kilimo mahali paitwapo Pusa, katika jimbo la Bihar, kwa msaada wa fedha za tajiri wa Kimarekani aliyeitwa Henry Phipps. Mwaka huo huo alifunga ndoa na Gabrielle Matthaei, mwanasayansi wa mimea aliyekuwa amefanya utafiti Cambridge. Bi Gabrielle hakwenda India kumpikia mumewe chai. Alikuwa mtafiti kamili, na karibu kila kitu walichoandika wakiwa huko kilibeba majina yao wote wawili. Wanafunzi wasichana wa shule yetu walishike jina hilo, kwa sababu waandishi wengi wa habari za Howard hulitaja mbiombio na kupita.

Pale Pusa Howard alidai kitu kimoja kilichowashangaza wakubwa: shamba. Alitaka ardhi yake ya kulima mazao mwenyewe, kuanzia mbegu mpaka ghala. Mwishowe alipata ekari 75 na jozi sita za maksai. Sasa akawa na mahali pa kuonja dawa yake.

Ajabu ya kwanza aliiona nje ya lango la kituo. Wakulima wa kawaida wa Bihar hawakuwa na dawa yoyote ya wadudu, wala mbolea ya chumvichumvi, wala pampu. Yeye alitarajia kukuta mashamba yaliyoliwa yakaisha. Lakini mazao yao yalikuwa mazima kwa kiasi ambacho hakukitegemea. Mtu mwingine mwenye shahada ya Cambridge angesema ni bahati. Howard aliamua kuwa mwanafunzi wao. Aliwatazama walivyochanganya nafaka na mikunde shamba moja, kama vile mama zetu wanavyopanda mahindi na maharagwe pamoja. Alitazama jinsi walivyochagua mbegu ya kwao iliyozoea udongo wa kwao, na jinsi walivyochelea kuituamisha maji shambani.

Walimu wake wa pili walikuwa wadudu wenyewe pamoja na magonjwa. Hapa, wenzangu, ndipo penye kiini cha habari hii, kwa hivyo nitapakawilia. Mtaalamu wa kawaida akimwona kidukari kwenye jani humwona mwizi, na mwizi adhabu yake ni kuuawa. Howard alianza kumwona kidukari kama askari wa zamu anayepiga filimbi. Alifikiri kwamba mdudu huanza na mmea uliokwisha kudhoofika: mizizi haipumui, udongo umechoka, au mbegu haifai mahali pale. Ukimuua askari, filimbi inanyamaza, lakini ile hitilafu iliyomfanya apige iko pale pale. Basi badala ya kumfukuza mdudu, Howard alimwacha na kuufuata mmea mpaka chini kwenye mizizi.

Mfano mzuri ni nili, mmea uliotoa rangi ya buluu ya kutia nguo. Aina ya nili iliyotoka Java ilikuwa ikinyauka na kufa Bihar wakati wa mvua kubwa za masika. Wengine walitafuta kuvu na wadudu. Bwana na Bibi Howard waliufukua mmea, wakaiosha mizizi polepole, wakakuta ile mizizi myembamba ya chini imekufa. Udongo ulikuwa umejaa maji ukakosa hewa. Mmea ulikuwa ukisongwa pumzi kutoka chini kabla jani la juu halijaanza kulegea. Katika tumbaku nako kulikuwa na ugonjwa wa majani kujikunja. Waliutunza udongo wa kitalu kwa mbolea ya kuoza, wakahamisha miche kwa uangalifu, na ugonjwa ule ukawatoka.

Miaka kadhaa kuanzia 1910 walikuwa wakipanda kwenda Quetta wakati wa joto, nchi ya milima na matunda ambayo sasa imo Pakistan. Kule mipichi ilikuwa ikivamiwa na vidukari kila majira ya kuchipua. Howard aligundua kwamba mashamba yaliyomwagiliwa maji kupita kiasi wakati wa baridi ndiyo yaliyovamiwa. Alipoutifua udongo kwa kina ili upate hewa, majani mapya yaliyotoka baadaye kwenye tawi lile lile yalikuwa safi, na yale ya zamani chini yake yakabaki na wadudu wao. Tawi moja, majani ya chini yana vidukari, ya juu hayana! Mtu akiona jambo kama hilo kwa macho yake, ni vigumu kuendelea kuamini kwamba tatizo ni uhaba wa sumu.

Maksai wake nao walimfunza. Aliwalisha majani na nafaka zilizotoka kwenye udongo wake uliorutubishwa, na hakutaka wachanjwe wala watengwe. Ng'ombe wa majirani walikuwa wakiugua ugonjwa wa miguu na midomo, na maksai wa Howard walisuguana pua na hao wagonjwa juu ya ua. Yeye alisimulia kwamba hakuna aliyeugua. Mimi hapo ningeomba tusiige. Ugonjwa huo ni wa virusi, nasi hapa Kenya tunajua jinsi unavyofunga masoko ya mifugo. Jozi sita za maksai ni wachache mno kuwa ushahidi. Lakini ni vyema mjue kwamba aliamini hivyo kwa moyo wote, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini baadaye alikuwa mkali namna ile.

Mwaka wa 1910 Howard alikuwa tayari anasema kwamba amejifunza kukuza mazao karibu yasiyo na ugonjwa bila kusaidiwa na mtaalamu wa kuvu, wala mtaalamu wa wadudu, wala pampu, wala mbolea ya dukani. Wenzake waliokuwa na ofisi za kuvu na za wadudu katika jengo lile lile hawakuchekelea. Pusa iligawanywa vyumba vyumba: huyu kuvu, yule wadudu, mwingine kemia. Howard alitaka kuutazama mmea mzima kwa pamoja, na kila mara aligonga ukuta wa ofisi ya mtu. Wala tusidhani alikuwa mtu wa maneno matupu. Yeye na Gabrielle walitoa aina mpya za ngano zilizoitwa kwa jina la Pusa na namba, nazo zilienea kwa wakulima wengi. Angeweza kustarehe juu ya sifa hiyo. Badala yake mwaka wa 1924 alihama, akaenda kuongoza taasisi mpya katika mji wa Indore, India ya kati, mahali alipopewa ekari 300 na uhuru wa kufanya anavyotaka. Kazi rasmi ilikuwa pamba.

Swali lililokuwa likimsumbua lilikuwa hili: ikiwa afya ya mmea inatoka kwenye udongo, udongo utalishwa nini? Mkulima wa Kihindi alikuwa na samadi, lakini kuni zilikuwa haba, kwa hivyo samadi nyingi ilikaushwa ikachomwa jikoni. Howard alikuwa amesoma kitabu cha Mmarekani F. H. King kuhusu wakulima wa China, Korea na Japani, ambao walilima ardhi ile ile kwa karne nyingi bila kuichosha kwa sababu hawakutupa chochote. Akaunganisha akili ya Wachina, taka za Wahindi na vipimo vya maabara, akapata njia ya kutengeneza mboji iliyopewa jina la mji ule: njia ya Indore. Msaidizi wake wa kemia, Yeshwant Wad, alifanya naye kazi hiyo, na kitabu chao kilitoka mwaka wa 1931.

Wacha nieleze ilivyo, kwa sababu hata mwenye kishamba cha nyuma ya nyumba anaiweza. Kule Indore walichimba mashimo mafupi ya kina, urefu wake futi 30 na upana futi 14. Sisi hatuhitaji shimo la kulaza lori. Kwa bustani ya nyumbani Howard baadaye alisifu sanduku la mbao lisilo na kitako, futi nne kwa futi nne. Unatandika taka za mimea za kila aina, mabua, magugu, majani makavu na mabichi, kiasi cha inchi sita. Juu yake inchi mbili za samadi. Kisha unanyunyiza udongo uliolowa mkojo wa ng'ombe pamoja na jivu la kuni. Unarudia mpaka biwi lijae, unatoboa matundu kwa mtaimbo ili hewa ipite, na unalitia maji liwe na unyevu wa sifongo iliyokamuliwa. Baada ya siku chache biwi linapata joto la kama digrii 65 za Selsiasi, joto ambalo huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa. Mtu akitia mkono ndani atautoa upesi! Biwi hugeuzwa mara mbili au tatu, na baada ya miezi mitatu hivi kinachobaki ni kitu cheusi, chepesi, kinachonukia kama msitu baada ya mvua.

Siri yake ni hewa na mchanganyiko. Taka zikibanwa sana zinanuka na kuvutia nzi. Zikiwa makavu matupu hazitaoza mpaka Krismasi ya mwaka ujao.

Habari za njia ya Indore zilisafiri, na hapa ndipo historia yake inapoingia nchini mwetu. Mwaka wa 1933 shamba moja la kahawa karibu na Kiambu lilianza kutengeneza mboji kwa njia hiyo, miongoni mwa ya kwanza kabisa Afrika. Kule Taveta nako, katika miaka ya 1930 hiyo hiyo, mabaki ya katani yaliyokuwa yakitupwa yaligeuzwa kuwa mboji. Bila shaka mashamba hayo yalikuwa ya walowezi, na waliogeuza yale mabiwi kwa uma na koleo walikuwa Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa kwenye kitabu cha mtu. Pengine miongoni mwenu yupo ambaye guka yake alikuwa mmoja wao.

Gabrielle alifariki mwaka wa 1930, kabla matunda ya kazi yao hayajajulikana. Howard alistaafu na kuondoka India mwaka wa 1931. Mwaka huo huo alimwoa Louise, dada ya Gabrielle, aliyekuwa akifanya kazi Geneva katika ofisi ya kimataifa ya kazi. Mwaka wa 1934 akapewa cheo cha Sir. Mzee wa miaka 60, mwenye cheo na pensheni. Mwingine angenunua kiti cha kuotea jua.

Yeye alinunua nyumba Blackheath, kusini mashariki mwa London, yenye bustani iliyochoka kabisa. Bustani ya nyumbani, wenzangu, ya matunda na mboga kama za kwetu, si ekari 300. Miti ya matofaa ilikuwa imejaa wadudu: vidukari wa kijani, viwavi, na yule kidukari mbaya anayejifunika nyuzi nyeupe kama pamba, ambaye Waingereza walimlaumu Marekani kwa kumleta. Jirani yeyote angesema kata miti hii uchome, au lete pampu. Howard alifurahi kama mtoto aliyepewa mwanasesere. Kwa muda mrefu watu walikuwa wakimwambia kwamba mambo yake yanawezekana India tu, kwenye jua na ng'ombe wengi. Sasa alikuwa na bustani mbovu katikati ya jiji la baridi na moshi, na wadudu wa kutosha.

Hakunyunyizia hata tone. Alikusanya taka za bustani na za jikoni, akatengeneza mboji, akaitia chini ya miti na kwenye matuta ya mboga, akangoja. Mwaka wa kwanza wadudu walikuwapo. Wa pili walipungua. Baada ya miaka mitatu hivi walikuwa wametoweka, na hata ule mtofaa uliokuwa mbaya kuliko yote ulipona. Hebu fikiria subira hiyo. Miaka mitatu ni mtu kutoka kidato cha kwanza mpaka hapa tulipo sisi! Anayeuza nyanya sokoni ili alipe karo ya muhula ujao hawezi kungoja miaka mitatu, na nadhani Howard, aliyekuwa na pensheni, hakulipa jambo hilo uzito unaostahili. Mwenye bustani ya kula na watoto wake anaweza.

Kutoka bustani ile aliandika vitabu viwili vilivyompa jina duniani. Cha kwanza, *An Agricultural Testament*, kilitoka mwaka wa 1940. Cha pili kilifuata mwaka wa 1945. Kalamu yake ilikuwa kali. Aliwakemea wanakemia waliofuata nyayo za Mjerumani Liebig, ambao kwa maoni yake walidhani udongo ni chungu tu cha kutilia chumvi tatu: naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Aliwakumbusha kwamba udongo una uhai. Aliandika kuhusu kuvu nyembamba zinazoshikamana na mizizi na kuilisha, na hapo sayansi ya leo imemuunga mkono sana. Ni kichekesho kizuri: aliyeajiriwa Barbados kupigana na kuvu alizeeka akiwa mtetezi wao.

Lakini tusimfanye malaika. Alisimulia habari za shule moja ya bweni karibu na London ambako wanafunzi walipoanza kula mboga za mboji, mafua na surua zikapungua sana. Nasi tungependa iwe hivyo, hasa msimu wa mafua, ila shule moja haithibitishi kitu, na surua huzuiwa kwa chanjo. Pia alishikilia mno kwamba mmea wenye afya hauguswi. Muulize mkulima yeyote wa Kenya kuhusu viwavijeshi vamizi walioonekana nchini mwaka wa 2017. Waliyala mahindi ya udongo mzuri na mbaya bila kubagua, kwa sababu walikuwa wageni kutoka Amerika na maadui zao wa asili hawakuja nao. Kadhalika ugonjwa hatari wa mahindi uliogunduliwa Bomet mwaka wa 2011 ni wa virusi, na mboji peke yake haiwezi kuuzuia. Hapo kunahitajika mbegu safi, kubadilisha mazao msimu hadi msimu, na kung'oa mmea mgonjwa mapema.

Hata hivyo, kwenye matuta ya nyumbani, sehemu kubwa ya aliyoyasema inasimama. Vidukari kwenye sukuma wiki hupenda majani laini yaliyolishwa naitrojeni kupita kiasi. Anayemwaga mbolea nyeupe ya dukani bila kipimo kisha akanunua dawa ya vidukari amelipa mara mbili. Nyanya zinazopandwa mahali pale pale mwaka hadi mwaka huukaribisha mnyauko na minyoo fundo. Na ile sumu ya kunyunyizia haichagui: huua kidukari pamoja na mdudu kibibi, yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, ilhali yeye ndiye mla vidukari. Baada ya wiki mbili vidukari wanarudi, kwani wanazaana haraka, na safari hii hakuna wa kuwala. Jivu la jikoni, maji ya pilipili na majani ya mwarobaini, ambayo nyanya zetu waliyatumia, yanasaidia, ingawa Howard mwenyewe angeuliza kwanza habari za udongo.

Mafundisho yake yalishika watu wengine. Nchini Marekani J. I. Rodale alianzisha jarida la kilimo hai mwaka wa 1942 baada ya kumsoma. Uingereza, Lady Eve Balfour na wenzake walianzisha chama cha Soil Association mwaka wa 1946.

Sir Albert Howard alifariki tarehe 20 Oktoba 1947 huko Blackheath, akiwa na miaka 73. Mwaka uliofuata Mswisi Paul Müller alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua nguvu ya DDT ya kuua wadudu, na dunia nzima ikakimbilia pampu. Ilipita miaka 14 zaidi kabla Rachel Carson wa Marekani hajatoa kitabu chake cha mwaka wa 1962 kuhusu ndege na samaki waliokufa kwa dawa hizo. Katika kipindi hicho chote Bi Louise aliendelea kuzitunza karatasi za mumewe, na mwaka wa 1953 akatoa kitabu kuhusu miaka ya India. Humo alihakikisha kwamba Gabrielle, dada yake, ametajwa kwa kila kazi aliyoifanya: ngano, nili, mizizi iliyooshwa polepole kwa maji.